Shajara ya mradi: pampu tatu za sheli ya Uyole na kidhibiti chetu

Jumatatu, 2 Juni

Leo tumeanza rasmi. Sheli iko Uyole, si mbali na pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya Tunduma, kwa hiyo wateja wake ni wa kila aina: bajaji, Noah na Coaster za Tukuyu, wakulima wa viazi, na malori ya Zambia na Kongo yanayoweka dizeli lita mia tano kwa mkupuo mmoja. Pampu ni tatu. Mbili ni za Kichina, za miaka ya karibuni, kila moja ina nozeli ya petroli na ya dizeli. Ya tatu ni ya zamani, dizeli tupu, ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Inapima vizuri na Mzee mwenye sheli hataki kusikia habari ya kuitoa.

Kinachotakiwa ni kwamba kila lita inayotoka ionekane kwenye kompyuta ya ofisini papo hapo, bei ibadilishwe kutoka ofisini, na zamu ifungwe bila mtu kuzunguka na tochi akisoma mita. Watengenezaji wa pampu wana vidhibiti vyao, ila cha huyu hakielewani na pampu ya yule. Ndiyo maana tunafunga cha kwetu: kompyuta ndogo, vigeuzi viwili vya mawasiliano, na programu tuliyoiandika mimi na mwenzangu hapa Mbeya.

Niseme na sababu yangu mwenyewe. Kwenye sheli, mhudumu akipungukiwa fedha mwisho wa zamu analipa yeye. Wanaita shoti. Mama yangu mdogo aliuza mafuta Makambako miaka sita, na sikumbuki mwezi hata mmoja ambao mshahara wake ulifika mzima. Hakuna aliyewahi kumwonyesha shoti ile ilitokea lita gani, saa ngapi, kwenye nozeli ipi. Nikiwa mtoto nilimwona akikokotoa mita nyuma ya kalenda hadi usiku, akitafuta kosa lake. Huenda hakuwa na kosa.

Jumanne, 3 Juni

Tumemaliza mambo ya ruhusa kabla ya kugusa bisibisi. Kwa Wakala wa Vipimo jibu lilikuwa wazi: mita na pulsa vina lakiri, na lakiri haikatwi na fundi yeyote nje ya utaratibu wao. Ikikatika, pampu inasimama hadi ihakikiwe upya. Nasi hatuna haja ya kuikata. Pulsa ndiyo inayogeuza mzunguko wa mita kuwa mapigo ya umeme ambayo bodi ya pampu inayahesabu. Sisi tunakaa nyuma ya bodi na kuisikiliza inachosema. Hatuhesabu lita wenyewe.

La pili ni mashine za risiti za TRA zilizofungwa kwenye pampu. Mwaka 2017 sheli nyingi nchini zilifungiwa kwa kukosa mashine hizo, kwa hiyo Mzee hana mchezo nazo. Shida ya kiufundi ni kwamba kwenye waya wa RS-485 (aina ya waya wa mawasiliano unaounganisha vifaa kadhaa) mwulizaji anatakiwa awe mmoja. Pampu haianzi kusema, inasubiri iulizwe. Ukiweka waulizaji wawili kwenye waya uleule, maswali yanagongana na majibu yanachanganyika. Tumemwita wakala aliyeidhinishwa wa mashine hizo, akafungua yeye na kutuonyesha kwamba mashine ya risiti imechukua mlango wake peke yake kwenye bodi. Mlango wa pili uko wazi, na huo ndio wetu. Asingekuja tungechomeka palipokaliwa.

Jumatano, 4 Juni

Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei kikomo mpya za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, zimeanza saa 6:01 usiku. Nilikesha makusudi nione wanavyofanya kwa mkono. Mlinzi alizuia magari, meneja akapita pampu moja moja akibonyeza namba, nozeli kwa nozeli. Kwenye pampu ya pili alikosea tarakimu akaanza upya. Dakika 25 nzima, malori saba yakisubiri, baridi ya Uyole unaijua. Kosa la tarakimu moja hapo si dogo: ukiuza juu ya bei kikomo umevunja sheria, ukiuza chini umekula mtaji wako.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya waya. Sitaandika mengi, ila haya mafundi wenzangu wasiyadharau.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutuama kwenye shimo la chini ya pampu, na pale hakuna kupiga grainda, hakuna simu, hakuna kufungua boksi la bodi umeme ukiwa hai. Tulizima swichi kuu, tukafunga kufuli, ufunguo nikaweka mfukoni mwangu mwenyewe. Waya wa mawasiliano ni wenye ngao ya chuma, umepita bomba lake, mbali na bomba la umeme wa mota. Ngao ya ndani imeunganishwa na ardhi upande wa ofisi tu. Ukiifunga pande zote mbili unautengenezea umeme wa ardhini njia ya kuzunguka ndani ya waya wako. Mwisho wa njia kuna rezista ya omu 120, na katikati ya kidhibiti na uwanja kuna optokapla (inapitisha ishara kwa mwanga, umeme wa pande mbili usigusane) pamoja na kizuia radi. Sasa hivi ni kipupwe na mbingu ni nyeupe, lakini anayeishi Mbeya anajua Novemba mpaka Aprili radi inafanya nini kwenye vifaa vya umeme.

Ijumaa, 13 Juni

Pampu ya kwanza imejibu!

Hizi mbili za Kichina bodi zake zinapokea itifaki (lugha ya mawasiliano) ya DART, iliyotoka kwa Wayne, watengenezaji wa pampu. Kasi ni biti 9,600 kwa sekunde, pariti (biti ya kukagua makosa) ya witiri. Kila upande wa pampu una anwani, zinaanzia 50 kwa hesabu ya kumi na sita, ile inayotumia 0 hadi 9 kisha A hadi F. Kidhibiti kinapita kikiuliza baiti tatu tu: 50, 20, FA. Yaani, "wewe wa 50, una lolote?" Kama hana, anajibu 50, 70, FA: sina. Saa 9:40 alasiri nimeona hilo "sina" la kwanza kwenye kioo, nikampigia mwenzangu simu akiwa kwenye daladala ya Mafiati.

Kisha dada wa zamu ya mchana akainua nozeli ya petroli, na papo hapo taarifa ikaingia: nozeli namba 1, iko nje, bei hii. Akaning'iniza, ikaingia nyingine. Alirudia mara nne, kila mara akigeuka kuangalia dirisha la ofisi kama nimeona. Nimeona, dada.

Jumatano, 18 Juni

Pampu ya zamani imetula siku tatu.

Yenyewe inaongea itifaki ya waya mbili ya Gilbarco, watengenezaji wengine wa pampu, na haitumii volti kama RS-485, inakata na kurudisha mkondo wa umeme kwenye kitanzi. Lazima iwe na bodi yake ya kigeuzi. Halafu kasi: biti 5,787 kwa sekunde. Si 4,800, si 9,600. Kigeuzi chetu cha kwanza hakikuwa na uwezo wa namba hiyo, kikawa kinakaribia tu, na majibu yakaja yamechanika. Tulibadilisha kigeuzi Jumanne jioni.

Baada ya hapo nimeipenda. Lugha yake ni fupi ajabu. Baiti moja, nusu ya juu ni amri, nusu ya chini ni namba ya pampu. Ukituma 03 unauliza hali ya pampu ya 3. Ikirudisha 63 imetulia. Ikirudisha 73 nozeli imeinuliwa, mtu anaomba mafuta. Unatuma 13, imeruhusiwa. Ikimaliza unaomba hesabu yake. Waliobuni hii walikuwa wachumi wa maneno.

Ila ni hapo kwenye hesabu tulipoteleza. Waya unaleta tarakimu peke yake, nukta hauleti. Dizeli ya majaribio ilisomeka 15.23 kwenye kioo cha pampu, programu yetu ikaandika lita 152.30. Pampu na kidhibiti kila mmoja ana mpangilio wake wa nukta inakaa wapi. Lazima ukalinganishe kwa macho, lita, bei na fedha, kila kimoja peke yake. Tumelinganisha vyote vitatu na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Na jambo lingine, la shilingi yetu. Kwa bodi hii fedha ina tarakimu sita, mwisho 999,999. Chukulia lita ni shilingi 3,000: mteja anafikia ukomo kwenye lita 333. Dereva wa semi anayetaka lita 500 atasimamishwa katikati. Wahudumu walikuwa wanajua siku zote, wanagawa mara mbili. Programu nayo tumeifundisha: ikiona kiasi kinazidi ukomo wa pampu hiyo, inagawa yenyewe na kuonyesha jumla moja kwa dereva.

Jumanne, 24 Juni

Hii siku naiandika kirefu.

Asubuhi Mzee amenipigia simu. Dada wa zamu ya usiku ana shoti ya shilingi 11,600 kwa mujibu wa mfumo mpya. Sauti ya Mzee ilikuwa ya mtu aliyefurahi kwamba mashine imeanza kumlipa. Akasema, "Fundi, sasa tutawajua."

Nikamwomba asimkate chochote mpaka nifike.

Nilimkuta dada amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, zamu yake imeisha saa mbili zilizopita na hajaenda nyumbani. Nikamsalimia, akaitikia vizuri, kisha akasema neno moja tu: "Mimi mita zangu nilizisoma, kaka." Akanipa daftari. Mita ya kufungulia, mita ya kufungia, kwa kila nozeli. Nikatoa, nikazidisha na bei. Fedha aliyokabidhi ililingana na mita za pampu bila kupungua hata shilingi. Tofauti haikuwa kati ya fedha na pampu. Ilikuwa kati ya pampu na programu yangu.

Basi nikafungua kumbukumbu za usiku, maelfu ya mistari. Saa 8:17 usiku, pampu ya 2, Noah moja iliomba mafuta ya 50,000. Tangi likajaa kwenye 38,400, nozeli ikajikata, dada akaning'iniza. Pampu ikatuma ujumbe wa mwisho wenye lita na fedha. Programu ikaukataa kuwa hundi ya CRC (namba ya kuhakikisha ujumbe haujaharibika) haikubali. Pampu ikatuma tena, ikakataliwa tena. Mara ya tatu vilevile, mpaka muda ukaisha. Na mimi, mwezi uliopita, nilikuwa nimeandika mstari unaosema: ujumbe wa mwisho usipopatikana, andika kiasi kilichoombwa. Programu ikaandika 50,000. Toa 38,400. Ndiyo hiyo 11,600.

Kwanza nililaumu waya. Nikadhani ni mota ya pampu inaingiza kelele. Lakini mwenzangu aliangalia ile mistari mitatu akasema kelele haiwezi kuharibu ujumbe kwa namna ileile mara tatu. Kweli. Baiti kwa baiti, zote tatu zilikuwa sawa. Ujumbe haukuharibika. Tulikuwa hatujui kuusoma.

Kwenye DART kila ujumbe unafungwa na baiti FA. Lita na fedha zinaandikwa kwa tarakimu za kawaida, sifuri hadi tisa, kwa hiyo FA haiwezi kutokea humo. Ila hundi ya CRC ni baiti mbili zinazoweza kuwa namba yoyote, na mara mojamoja moja wapo inaangukia FA. Itifaki inalijua hilo: mtumaji anatanguliza baiti moja yenye namba 10 mbele yake, kumwambia msomaji kwamba hii FA si mwisho, endelea. Programu yetu ilikuwa inakata kwenye FA yoyote inayoiona.

Baiti mbili, kila moja ina nafasi moja kati ya 256. Ni kama ujumbe mmoja katika kila 128. Kwa nini basi hatukuona mapema? Kwa sababu mafuta yakiwa yanatoka pampu inatuma namba mpya kila mara, ukikosa moja inayofuata inakuja na hundi nyingine na unaendelea bila kujua. Ujumbe wa mwisho ndio hauna unaofuata. Na ukiurudia ni uleule, na hundi yake ni ileile, hata ukirudia mpaka asubuhi.

Marekebisho ya kusoma hiyo baiti ya kutanguliza yalichukua mistari minne. Mstari wa kukisia nimeufuta kabisa. Sasa programu inasoma mita ya jumla ya nozeli kabla ya kuruhusu mauzo na baada ya nozeli kurudi. Ujumbe wa mwisho ukipotea, tofauti ya mita ndiyo mauzo. Mita nayo isiposomeka, mauzo yanaandikwa "hayajathibitishwa" kwa rangi nyekundu, na hayaingii kwenye hesabu ya mhudumu hadi mtu aende akasome pampu kwa macho.

Nilimweleza Mzee mbele ya dada, hatua kwa hatua, nikasema kosa ni la programu na mwandishi wake ni mimi. Mzee akanyamaza kidogo, halafu akamgeukia: "Mwanangu, nisamehe. Nenda ukapumzike." Dada akashukuru, akachukua kanga yake akaenda kupanda bajaji.

Sijalala vizuri. Ingekuwa kosa lile limetokea sheli nyingine ambapo hakuna anayefungua kumbukumbu, 11,600 ingekatwa, na mwezi ujao nyingine.

Alhamisi, 26 Juni

Umeme wa TANESCO ulikatika mara mbili mchana, tukapata jaribio la bure. Pampu za DART zikiwaka upya zinajitambulisha kwa hali ya 0, maana yake haijapangiwa bei, na hazitoi mafuta mpaka kidhibiti kiziletee bei ya nozeli zote. Kidhibiti chetu kina betri yake kwa hiyo kiliziona zikiamka na kuzipa bei ndani ya sekunde chache, jenereta ikiwa bado inanguruma kutafuta mwendo. Ya zamani iliamka na bei yake.

Tumefunga pia swichi ya ufunguo ofisini. Kidhibiti kikifa kabisa, meneja anageuza, pampu zinarudi kuuza kwa mkono kama zamani. Ufunguo anao meneja na mwingine uko kwenye droo.

Jumamosi, 28 Juni

Tumepima kwa kopo la lita 20 lenye cheti, kila nozeli mara tatu, kidhibiti kikiwa kimeunganishwa na kikiwa kimetolewa. Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kupimia mafuta kinaruhusu asilimia 0.5, sawa na mililita 100 kwa lita 20. Nozeli zote ziko ndani ya hapo, na kutoa au kuweka kidhibiti hakukubadilisha chochote. Ndivyo inavyotakiwa iwe, lakini nilitaka kuona kwa macho, na nilitaka wahudumu waone pia.

Mafuta ya kupimia yanarudishwa tangini. Mita ya pampu haijui hilo, yenyewe imeshahesabu. Tumeongeza kitufe cha "kipimo" ili lita hizo zisidaiwe kwa mtu wa zamu. Dada wa mchana ndiye aliyeuliza kabla sijakumbuka.

Mzee aliuliza mbona tangi la petroli bado linaonekana pungufu akipiga dipu (kijiti cha kupimia kina cha mafuta), hata kama pampu na fedha vinakubaliana. Nikamweleza kuhusu joto. Petroli ikishuka nyuzi 10 inasinyaa karibu asilimia 1. Lori limepakia Dar es Salaam kwenye joto, limepanda kilomita zaidi ya 800 mpaka huku, na asubuhi ya Juni Uyole maji ya bombani yanauma vidole. Kwenye lita 10,000 hiyo ni kama lita 100, na hakuna aliyeiba. Alinisikiliza akaandika kwenye daftari lake.

Jumatano, 2 Julai

Usiku wa bei. Meneja aliingiza bei mpya saa 4, akazihakiki na tangazo la EWURA, mimi nikahakiki nyuma yake. Saa 6:01 kidhibiti kikatuma. Nozeli nne zikabadilika kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Ya tano, ile ya pampu ya zamani, ikakataa, na ilikuwa na haki: dereva wa semi alikuwa katikati ya lita zake. Mauzo yaliyoanza na bei ya jana yanaisha na bei ya jana. Alipomaliza na nozeli kurudi mahali pake, bei ikaingia yenyewe. Saa 6:04 foleni ilikuwa inatembea.

Nimebaki hadi zamu ibadilishwe. Dada wa usiku, yuleyule, amesoma mita zote tano kwa tochi kama alivyozoea, mimi nimesimama ofisini nikisoma za kwenye kioo. Yeye anataja, mimi naitikia. Pampu ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya zamani imepishana 0.01. Nikamwita arudie. Akarudi, akapangusa ukungu kwenye kioo kwa upindo wa kanga, akasoma tena. Ilikuwa sita, si tano.

Wiki ijayo tunaanza vipimo vya matangi. Kabla ya hapo nabadilisha gundi ya kuzibia maji kwenye boksi la pampu ya 1. Nimeona unyevu.